Mabomba ya tangi la samaki: kipi kibadilishwe, kipi kiachwe

Kwa miongo mingi maji ya bomba ya Dodoma yametoka ardhini, katika visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora, na kila anayechemsha chai jijini anaujua ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika. Ukoko huohuo huwasumbua wanaofuga samaki wa mapambo nyumbani, Miyuji na kwingineko. Tangi likikaa miaka kadhaa, viungo vya mabomba huota magamba, pampu husukuma kwa unyonge, na mwenye tangi hujiuliza: ning'oe mfumo wote, au niuache maadamu hauvuji?

Umri peke yake haujibu swali hilo. Bomba gumu la PVC lililo ndani ya nyumba hudumu miongo. Vinavyochoka mapema ni koki, pete za mpira zilizo ndani ya viungo, na mipira laini: kemikali zinazoilainisha hupotea kidogo kidogo, mpira ukakakamaa na kupasuka pale ulipokazwa kwa klipu. Tangi likiwa barazani, hesabu hubadilika, kwa sababu mionzi ya jua huifanya PVC iwe rahisi kuvunjika. Bomba la barazani lililopauka na kutoa ungaunga ukilipangusa, badilisha.

Swali zito zaidi ni kiungo kipo wapi. Tangi la lita 300 limebeba kilo 300 za maji. Ikiwa kioo kimetobolewa chini, kiungo cha hapo kikiachia, maji yote yaliyo juu yake yatamwagika sakafuni na samaki watabaki pakavu. Kiungo cha namna hiyo sikubali kisubiriwe mpaka kivuje. Pete yake ikikakamaa, ibadilishwe. Bomba linalopita juu ya ukingo lina nafuu, mradi litobolewe tundu dogo karibu na usawa wa maji. Umeme ukikatika na maji yakaanza kurudi kinyumenyume, tundu hilo huingiza hewa na kuyakatisha.

Kuhusu magamba, kuweka bomba jipya hakutibu chanzo. Katika jua na upepo mkavu wa Dodoma maji hupaa, chokaa haipai. Ukijazia tu kilichopungua, kila ndoo huongeza chokaa nyingine. Dawa ni kutoa sehemu ya maji ya zamani kila mara na kuweka mapya. Samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, walio ukoo mmoja na perege, hawaoni taabu kwa maji magumu. Taabu ni ya bomba. Kipenyo kikizibwa hadi nusu, kupitisha kiasi kilekile cha maji kwa dakika huhitaji msukumo wa karibu mara 30. Ndiyo maana pampu nzima huonekana mbovu. Kabla ya kununua nyingine, fungua bomba ulilowanishe kwa siki, kisha usuuze vizuri.

Siki nayo ina mtego wake. Wakati mwingine gamba ndilo linaloziba ufa, ukiliyeyusha uvujaji unaanza. Baada ya kusafisha, tandika karatasi kavu chini ya kila kiungo usiku kucha. Tone moja kwa sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku, na likifuata waya hadi kwenye plagi linaweza kuua mtu. Waya wa pampu uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia ukutani, na umeme uzimwe kabla ya kutia mkono majini.

Kosa linaloua samaki wengi wakati wa ukarabati ni kuosha kila kitu siku moja. Bakteria wanaogeuza amonia inayotokana na taka za samaki kuwa nitriti, kisha nitrati, huishi hasa kwenye chujio. Wakikaushwa au wakioshwa kwa maji yenye klorini, hufa. Katika nyuzijoto 25, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika hali ya sumu kali. pH ikiwa 8.5 hufika takriban asilimia 15. Kwa hiyo anayefuga samaki wa maji magumu, ambayo kwa kawaida huwa na pH ya juu, ana nafasi ndogo ya kukosea. Sponji za chujio zikae ndani ya maji ya tangi lenyewe, zikipata hewa, mpaka gundi ya mabomba ikauke sawasawa. Usitumie viungo vya chuma chenye zinki wala koki za shaba: madini hayo ni sumu kwa samaki.

Linda na mikono yako pia. Ute wa ndani ya mabomba unaweza kubeba Mycobacterium marinum, ndugu wa vimelea vya kifua kikuu. Huingia kwenye mchubuko, na baada ya wiki kadhaa huleta vinundu vidoleni au mkononi visivyopona, vinavyohitaji dawa kwa miezi. Usivute maji ya tangi kwa mdomo. Ukiwa na kidonda, vaa glavu au mwachie mwingine kazi hiyo. Na ukienda hospitali na kinundu kisichopona, mwambie daktari kwamba unafuga samaki. Asipojua hilo anaweza kutibu ugonjwa mwingine kabisa.