Hewa Ina Uzito

Mwalimu akisema kwamba hewa ina uzito, watoto hucheka. Nani amepata kuibeba? Basi awatume kwa mama zao, wakaulize habari za maharage. Juu kwenye malisho ya Masisi, panapopita mita 2,000, maji huchemka yakifika digrii 93 hivi, na maharage hukawia sana jikoni. Shuka mpaka msitu wa Walikale, chini ya mita 1,000: hewa iliyo juu ya sufuria ni nyingi zaidi, yayakandamiza maji, wala hayachemki mpaka yafike digrii 97 hivi. Hapo kuni chache zatosha.

Hewa hiyo ni mchanganyiko: katika sehemu 100, 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni. Kaboni dioksidi haifiki hata sehemu moja. Lakini huko Sake, katika Masisi, karibu na volkeno, gesi hiyo hutoka ardhini. Yaushinda uzito wa hewa mara moja na nusu, haina rangi, nayo hutuama mabondeni kama maji, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Wenyeji waiita mazuku. Mtu mzima aliyesimama huenda akavuka salama, na mtoto aliyeketi miguuni pake akafa.

Jambo hili laonyeshwa darasani. Simamisha mishumaa miwili ndani ya bakuli lenye kina, mmoja mrefu, mwingine mfupi, uiwashe. Tia magadi chini, kisha mimina maji ya ndimu. Mfupi huzimika kwanza.