Nguo, Sala na Staha katika Safari ya Jahazi Kwenda Kiwayu

Leo ningependa kuzungumza na mama zetu, dada zetu na mabinti zetu juu ya jambo ambalo zamani halikuhitaji makala. Wazee wetu walipanda chombo kwa haja maalumu: kuzuru jamaa, kwenda harusini, kwenda hija, kupeleka boriti na kurudi na tende. Siku hizi watu hupanda chombo kwa ajili ya kupanda chombo. Jahazi hutandikwa mazulia na mito, huwekwa mpishi na sanduku la barafu, na familia hulikodi kwa siku mbili au tatu kutoka Lamu hadi Kiwayu. Wengi wao ni maarusi walio katika fungate, na wana wetu waliorejea likizo kutoka Ghuba na Ulaya.

Mwanzo niseme kwamba sioni ubaya katika jambo lenyewe. Merikebu zinazopita baharini zimetajwa ndani ya Qur'ani mara nyingi katika jumla ya neema tulizotiishiwa, na mtu aliyejaaliwa mali ya halali akamfurahisha mkewe na wanawe kwa siku mbili za upepo mzuri, hakutenda ila hisani. Wanaolipa kwa deni la riba ili wapige picha, hao wana mazungumzo yao mengine.

Maswali ninayoletewa ni mawili: tuvae nini, na tutarajie nini. La kwanza huulizwa kwa kicheko, kana kwamba ni swali dogo. Kwa hakika ndilo zito kuliko yote, kwa sababu baharini nguo yaweza kumsitiri mtu na yaweza kumzamisha.

Bibi zetu wa Lamu, kabla ya buibui kuenea pwani hii mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa na shiraa: hema la kitambaa lililobebwa na watumwa, nalo bibi akatembea ndani yake asionekane. Neno hilo katika Kiarabu maana yake ni tanga la chombo. Nalitaja kwa sababu buibui la leo, hasa lile la nailoni nyepesi lenye mikono mipana, likikutana na upepo wa kusi hugeuka kuwa tanga kwelikweli. Hupanda juu, hufunua miguu, hunasa katika kamba, na mwenye kulivaa hushughulika kulishika kwa mikono miwili wakati mkono mmoja ulipaswa kushika ukingo wa chombo. Na likirowa, hugandamana na mwili likauonyesha umbo lote. Wanazuoni wamesharti nguo ya stara isiwe yenye kuonyesha rangi ya ngozi. Na heshima ya vazi inataka pia lisichore mwili. Nguo iliyo stara ndani ya nyumba si lazima iwe stara chini ya rasharasha ya mawimbi.

Basi vaeni pamba nzito kidogo, ya rangi ya kukolea, yenye upana wa kiasi na mikono yenye kubana kwenye kifundo. Chini yake vaeni suruali pana inayofika miguuni. Suruali hii msiidharau. Maji yanapokuwa yamekupwa, chombo hakifiki ufukweni, nanyi mtashuka na kukanyaga maji ya magotini. Asiye na suruali atachagua baina ya kulowesha nguo yote na kuinua pindo mbele ya mabaharia. Ushungi ufungwe kwa kushonwa au kwa vifungo, si kwa pini ndefu wala kwa fundo kali shingoni. Viatu viwe vya kuvuliwa upesi, bila visigino, kwani sitaha yenye maji na kisigino haviwezi kukaa pamoja. Leso mbili zaidi zitiwe mkobani: moja ya kusalia, ya pili ya kazi zote ambazo leso hufanya. Dhahabu ibaki nyumbani. Asumini mwilini mwa bi harusi itapeperuka kabla ya Manda haijapitwa, nayo manukato makali mahali penye wanaume wasio maharimu mnajua hukumu yake.

Wanaume nao wasidhani kwamba wameachwa. Kikoi bila suruali ndani yake, juu ya sitaha yenye upepo, ni fedheha inayosubiri wakati wake, na uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti hata akiwa anaogelea na wenzake.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nimesikia, tena si mara moja, kwamba wako akina mama wanaokataa kuvaa jaketi la kuokoa maisha kwa sababu linafungwa kifuani na kuonyesha umbo, au huliweka chini wakalikalia kama mto. Na wako waume wanaowaunga mkono, wakidhani hiyo ni wivu wa dini. Hii si wivu wa dini. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria. Kwa ajili yake nyamafu huruhusiwa kwa mwenye njaa ya kufa, na tabibu huruhusiwa kuona asichoruhusiwa kuona mwingine. Itakuwaje basi jaketi linalovaliwa juu ya nguo kamili, ambalo halifunui hata unywele, liwe ndilo la haramu? Aonaye haya alivae, alifunge mikanda yote, kisha ajitupie leso mabegani bila kuifunga. Ikitokea la kutokea, leso itaondoka yenyewe na jaketi litabaki.

Bahari yetu ina kumbukumbu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama Mombasa, hatua chache tu kutoka gatini, wakafa watu 272. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander baina ya Unguja na Pemba, ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake, wakaangamia mamia ya familia zilizokuwa zikirejea makwao baada ya Idi. Tunawaombea rehema na daraja ya shahidi. Lakini kumwombea aliyezama ni kitu kimoja, na kumwacha binti yako akae sitahani bila jaketi ni kitu kingine. Kabla ya kulipa, mwulizeni nahodha: majaketi ni mangapi, na ya watoto yako? Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kwa juu anapoanguka majini. Akijibu kwa mzaha, tafuteni mwingine.

Ama njia yenyewe, ina uzuri usioelezeka kwa haraka. Kutoka Lamu chombo hupita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili, na hapo hapapitiki vizuri ila maji yakijaa. Kwa hiyo saa ya kuondoka haiamuliwi na mpishi wala na bi harusi, inaamuliwa na mwezi. Baadaye mtaiona Pate, na miji yake ya Siyu, Faza na Kizingitini ambayo ilisomesha nusu ya masheikh wa pwani hii. Kisha Ndau, kisha Kiwayu, kisiwa kirefu chembamba, upande mmoja kimetulia na upande wa pili kinapigwa na bahari kuu. Kwa mashini ni mwendo wa saa chache. Kwa tanga yategemea msimu. Wakati wa kusi mtakwenda upepo ukiwasukuma kwa nyuma na kurudi ndiko kutakuwa na kazi; wakati wa kaskazi ni kinyume chake, mtabisha kutwa. Na bahari ikichafuka, nahodha akasema leo hakuna safari, msimshawishi kwa nyongeza ya pesa. Wanazuoni wetu wamesema kwamba kupanda bahari wakati maangamizi ndiyo yenye dhana kubwa ni haramu, hata kama ni kwa hija, sembuse matembezi.

Tarajieni kuchafukwa na moyo. Kuleni kidogo kabla ya kupanda, chukueni tangawizi na ndimu, kaeni karibu na katikati ya chombo na mtazame mbali. Na ulizeni habari ya choo mapema, bila haya. Majahazi mengi hayakujengwa kwa ajili ya wanawake. Mengine yamewekewa kijumba tezini, mengine hayana kitu. Pazia nene na kamba yake vichukuliwe kutoka nyumbani. Pazia hilohilo litatumika usiku kutenganisha malazi, na mchana kwa udhu.

Katika udhu hakuna taabu. Mtume (s.a.w.) aliulizwa na watu waliosafiri baharini na maji machache ya kunywa, akawajulisha kuwa maji ya bahari yanatwahirisha. Kwa hiyo hakuna tayammamu hapo. Maji yatekwe na baharia kwa ndoo yenye kamba, asiiname mtu ukingoni. Kibla chetu huku ni kaskazini, kikielekea kidogo sana magharibi. Mkiwa njiani kwenda Kiwayu kitakuwa upande wa mkono wa kushoto wa omo. Katika sala ya faradhi chombo kikigeuka, anayesali hugeuka nacho abaki kuelekea kibla. Atasimama akiweza; akihofia kizunguzungu au kuanguka atakaa, na sala yake imesihi.

Kuna jambo wengi hulifanya bila kuuliza, nalo ni kupunguza sala. Kutoka Lamu hadi Kiwayu ni yapata kilomita 50, na masafa ya kupunguza katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni marhala mbili, yaani zaidi ya kilomita 80 kwa hesabu za leo. Aliye mkazi wa Lamu akienda Kiwayu hapunguzi wala hakusanyi, hata akilala siku mbili njiani kwa kukosa upepo, kwani kinachoangaliwa ni masafa. Aliyetoka Mombasa na nia yake tangu mwanzo ni Kiwayu, huyo ni msafiri na rukhusa anayo. Lakini akinuia kukaa Lamu siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, amekwisha kuwa mkazi. Na safari yake ya kwenda Kiwayu itahesabiwa upya.

Mabinti wanaotaka kukodi jahazi peke yao, eti nahodha ni mtu mzima anayejulikana mtaani: kujulikana hakumfanyi awe mahramu. Katika madhehebu yetu kundi la wanawake waaminifu limekubaliwa kwa hija ya faradhi, si kwa matembezi. Kaka, baba au mjomba naye anapenda upepo wa bahari.

Chakula cha safari hizi ni cha baharini, na hapo pana faida ambayo wengi wataipokea kwa huzuni. Samaki wa kila aina, pweza, ngisi na kamba mawe ni halali. Kaa, ambaye mpishi atamleta kwa fahari kutoka mikokoni, ni haramu kwa kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu, kwa kuwa anaishi bara na majini. Wako maimamu wa madhehebu mengine waliomhalalisha, lakini mwenye kumfuata Shafi amwachie jirani. Kasa pia haliwi, na juu ya hukumu hiyo kuna sheria ya nchi: maji ya Kiwayu yamo ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979. Jambo jingine ni kuchanganyika na wageni. Kwenye jahazi la hoteli huenda pombe ikapitishwa, na watu wakavaa nguo za kuogelea tu; ndivyo ilivyo pia, kwa kiwango kikubwa zaidi, katika zile meli kubwa za watalii zinazotia nanga Kilindini, zenye kumbi za kamari na usiku wa magauni ya mabega wazi. Tumekatazwa kuketi penye meza inayozungushwa pombe. Familia ikodi chombo chake, hata kikiwa kidogo na mito yake imechakaa.

Mkifika, kumbukeni kwamba Kiwayu ni mji wa watu. Ni ndugu zetu Wabajuni, wavuvi na wafumaji mikeka, na uchumi wao ulipata pigo kubwa Septemba 2011, mgeni Mwingereza alipouawa na mkewe kutekwa katika hoteli iliyo ng'ambo ya pili, bara. Watalii wakaadimika, na kwa miaka kadhaa uvuvi wa usiku ukazuiwa Lamu yote. Ulizeni hali ya usalama kwa wenye mamlaka kabla ya kuondoka. Maji ya kunywa mwende nayo ya kutosha na ya ziada, kwa kuwa wenyeji hutegemea jabia zinazokusanya maji ya mvua, na mgeni anayeoga maji baridi mara tatu kwa siku anaoga akiba ya mtoto wa mwenzake. Ingieni mjini mkiwa mmesitirika, waulizeni wazee kabla ya kumpiga picha mtu yeyote, na mnunue chochote kwa akina mama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanawake wa huko walianza kuokota ndara zinazotupwa na bahari kuu ufukweni, wakizikata na kuzichonga ziwe samaki, kasa na vitu vya kuchezea watoto. Takataka ya dunia nzima ikageuzwa kuwa ada ya skuli.

Wanawake wanaotaka kuoga baharini wapande kilima hadi upande wa pili mapema, baada ya sala ya alfajiri, na mtu wao akae njiani kuangalia. Upande huo mawimbi ni makubwa na mkondo huvuta. Waogee maji ya viunoni wala wasiende zaidi. Watoto waogee upande wa ndani. Na saa ya kurudi mwulizeni nahodha tangu jioni, kwa sababu mkikosa maji ya Mkanda mtasubiri saa sita juu ya tope, na mbu wa mikokoni.