Usawa Kazini na Majina ya Watu wa Kazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 2004, yamtaka mwajiri akuze nafasi sawa kwa wote na kuondoa ubaguzi mahali pa kazi. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo chataja mambo yasiyofaa kuwa sababu ya kumbagua mfanyakazi: rangi, kabila au mahali atokako, dini, jinsia, mimba, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mengineyo. Jambo hilo hufundishwa leo katika vyuo vya biashara na kuandikwa katika kanuni za maofisi. Lakini maneno yachukuayo maana zake kwa Kiswahili hayajapimwa vya kutosha, na palipo na neno lisilopimwa, haki nayo huweza kupungua.

Neno usawa lina maana mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Ya kwanza ni usawa wa kipimo: kila mtu apate kadiri ileile. Ya pili ni kumpa kila mtu kile kinachomwezesha kufika pale wanapofika wenziwe. Na kwa maana hii lugha ina maneno haki, uadilifu na insafu. Mathalani, watu wawili wameitwa kufanya mtihani wa ukarani. Karatasi ni moja, saa ni zilezile, na chumba ni kimoja, nacho kiko ghorofani pasipo lifti. Mmoja wao hutumia kiti cha magurudumu. Kwa maana ya kwanza, watu hao wametendewa sawa. Kwa maana ya pili, mmoja amekwisha kushindwa kabla ya kushika kalamu. Mwalimu atumiaye neno usawa bila kupambanua maana hizo huenda akafundisha jambo ambalo hakulikusudia.

Ziko shida za namna hiyo katika maneno mengine pia. Kwa kuwako watu wa namna mbalimbali kazini, wengine husema tofauti au utofauti. Lakini kusema kwamba watu fulani wana tofauti ni karibu na kusema kwamba wamegombana. Neno anuwai, lenye asili ya Kiarabu na maana ya namna nyingi, halina kasoro hiyo, ila limezoea kutajwa pamoja na vitu zaidi kuliko watu. Vilevile kujumuisha si sawa na kushirikisha. Ajumuishwaye huingizwa katika jumla, naye aweza kuhesabiwa tu na kunyamaza. Ashirikishwaye hupewa sehemu katika shauri lenyewe. Neno la pili ni ndugu wa shirika na ushirika, maneno ambayo wakulima wa kahawa na pamba waliyajua katika vyama vyao kabla ya uhuru. Ofisi yaweza kuwajumuisha wanawake wengi katika orodha ya mishahara bila kumshirikisha hata mmoja katika uamuzi.

Historia ya kazi katika Afrika ya Mashariki yaonyesha jinsi neno liwezavyo kubadilishwa huku pengo likibaki. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika miaka ya 1947 na 1948, iliacha kanuni ya sehemu tatu katika tano: mtumishi asiye Mzungu, akishika cheo kilekile cha Mzungu, alipwe sehemu tatu tu za mshahara uliogawanywa kwa tano. Tume ya Lidbury, katika taarifa yake ya mwaka 1954, iliiondoa kanuni hiyo, na tangu hapo rangi haikutajwa kuwa kipimo cha mshahara. Lakini palikuwa na nyongeza maalumu kwa watumishi walioletwa kutoka ng'ambo. Tanganyika ilipokwisha kupata uhuru, swali lilirudi kwa upande wa pili: je, raia asiye Mwafrika awekwe nyuma? Januari 1964 Mwalimu Nyerere aliagiza kwamba raia wasipambanuliwe tena kwa asili yao katika kuajiriwa, kufunzwa na kupandishwa vyeo.

Majina ya watu wa kazi nayo yabeba historia hiyo. Neno boi, lililotoka katika Kiingereza kwa maana ya mtoto wa kiume, lilitumiwa kumwitia mtu mzima, pengine baba wa watoto, kwa kuwa tu apika na kufua katika nyumba ya mwingine. Badala yake pamekuja mtumishi wa nyumbani, kisha mfanyakazi wa nyumbani. Na jina hili la mwisho ndilo limwingizalo katika kundi lile ambalo sheria ya kazi humtaja na kumlinda.

Hudhaniwa kwamba Kiswahili hakina ubaguzi wa jinsia, kwa sababu yeye ni mwanamume na mwanamke pia, na mkurugenzi, mhasibu na mwenyekiti hayataji jinsia. Sarufi haina kosa, ni kweli, mazoea yanalo. Wataalamu wa serikali waliofika vijijini waliitwa Bwana Shamba, Bwana Afya, Bwana Samaki, kwa kuwa wengi wao walikuwa wanaume. Wanawake walipoishika kazi ileile, ilibidi pazuliwe Bibi Shamba, kana kwamba ni kazi nyingine. Majina kama ofisa kilimo na ofisa ugani yameliondoa tatizo hilo kimyakimya. Na kule sokoni jambo limekwenda kinyume: mama lishe alikuwako kwanza, na mwanamume auzaye chakula akaitwa baba lishe baadaye.

Kuhusu ulemavu, wengine wamelaumu ngeli ya ki-vi, wakisema kwamba kipofu, kiziwi na kiwete huwafanya watu kuwa vitu. Hoja hiyo haitoshi, maana kiongozi, kijana na kinyozi wamo katika ngeli hiyohiyo, na wote hupatanishwa kama watu: kiziwi amefika, viongozi wamefika. Udhia hauko katika kiambishi. Uko katika kuifanya kasoro moja iwe jina la mtu mzima. Ndiyo sababu mtu mwenye ulemavu limependelewa kuliko mlemavu, na mtu mwenye ualbino kuliko zeruzeru. Hata hivyo Chama cha Viziwi Tanzania chajiita kwa jina hilo bila haya. Basi mwenye kuitwa ndiye hakimu wa kwanza wa jina lake. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Lakini tangazo la kazi likidai tu mwombaji awe na afya njema na viungo kamili, mlango umefungwa kabla sheria haijabisha hodi.

Mwisho kuna lugha ya kufundishia. Mtoto aliyekulia katika duka la wazazi wake hujua mtaji, faida, hasara, deni, dhamana na riba kabla ya kuingia shule. Katika shule za serikali za Tanzania husoma kwa Kiswahili madarasa ya msingi, kisha hukutana na somo la biashara kwa Kiingereza katika sekondari. Mtihani unaosemekana wapima utunzaji wa hesabu wapima vilevile Kiingereza, na mwenye kushindwa hajui ni kipi kilichomwangusha. Mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, ili mfanyakazi asome haki yake kwa lugha aijuayo. Hisabu za biashara hazijapata hatua kama hiyo, ingawa leja, mizania na hawala zimo katika lugha tangu zamani.

Kazi ya watunga kamusi na istilahi basi ni zaidi ya kutafuta neno la kulingana na la kigeni. Kamusi itajapo jina la mtu wa kazi, yafaa ionyeshe nani huliita, nani huitwa, na kama aitwaye hulikubali. Mahali ambapo neno usawa lina maana mbili, ziandikwe zote mbili, kila moja na mfano wake, ili mwajiri asije akatimiza ya kwanza na kudai kwamba ametimiza ya pili.