Mamalia Aliyemkaba Dinosaria

Mrina asali hahitaji kuelezwa nyegere ni nani. Uzito wake ni kilo 10 hivi, miguu mifupi, kucha ndefu, na ubishi usiolingana kabisa na umbo lake. Sasa mchukue nyegere huyo, mtanue miguu kidogo ikae karibu na ya kenge, mpe meno ya mbele makubwa yaliyochongoka, kisha mrudishe nyuma miaka milioni 125 hivi, hadi kwenye nchi ya volkano ambayo leo ni jimbo la Liaoning, kaskazini-mashariki mwa China. Hapo utakuwa umekaribia kumwona Repenomamus.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba enzi za dinosaria mamalia walikuwa vijinyama vya kujificha: mchana shimoni, usiku nje kutafuta wadudu, roho mkononi. Fundisho hilo lina ukweli wake. Mamalia wengi wa enzi hizo tunaowajua kwa visukuku walikuwa na ukubwa wa panya, wengine hata hawafiki hapo. Kosa lilikuwa kuifanya hali ya wengi kuwa hali ya wote, na kudhani kwamba baina ya makundi haya mawili mlaji alikuwa siku zote upande mmoja.

Mwezi Januari 2005, Yaoming Hu, Jin Meng na wenzao walieleza katika jarida la Nature visukuku viwili kutoka Liaoning. Cha kwanza kilikuwa cha spishi mpya, Repenomamus giganticus, mwenye urefu unaozidi mita 1 na uzito waliokadiria kuwa kilo 12 hadi 14. Hakuna mamalia wa enzi za dinosaria aliyekuwa akijulikana kwa mabaki kamili namna ile akawa mkubwa kiasi hicho. Lakini mimi naona cha pili, kidogo kwa umbo, ndicho chenye mambo. Kilikuwa cha binamu yake, Repenomamus robustus, na ndani ya mbavu zake za kushoto, pale tumbo la mamalia linapokaa, palikuwa na rundo la vijifupa visivyo vyake.

Ilikuwa mifupa ya mtoto wa Psittacosaurus, dinosaria mla majani ambaye jina lake maana yake ni mjusi-kasuku, kwa sababu ya mdomo wake uliopinda. Mtoto huyo alikuwa na urefu wa sentimita 14 hivi, yaani urefu wa peni ya kuandikia. Je, alitolewa kwenye yai? Hapana: meno yake yalikuwa yameshaanza kulika, na meno hayaliki kabla ya mwenyewe kuanza kula. Baadhi ya mifupa ya miguu ilikuwa bado imeungana kwenye viungo vyake, ishara kwamba nyama ilimezwa kwa mapande. Ukitazama kinywa cha Repenomamus unaelewa kwa nini. Meno ya mbele ni ya kushika na kurarua, lakini magego ya nyuma ni madogo na butu. Huyu hakuwa mtafunaji. Alikata, akameza.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na ulikuwa wa haki. Tumbo linasema nani aliliwa, halisemi nani aliua. Fisi hula pundamilia aliyemwangusha mwenyewe, na hula pia aliyekufa kwa ugonjwa, na mfupa uliomo tumboni hauna tofauti. Tena kumeza kifaranga cha sentimita 14 si ushujaa wa kutangaziwa.

Jibu lilitoka jimbo lilelile. Karibu na kijiji cha Lujiatun, matope ya volkano yaliwahi kuporomoka na kuwafunika wanyama ghafla, wengine wakiwa katika mkao wa usingizi, ndiyo maana wataalamu hupalinganisha na mji wa Pompeii. Mwaka 2012 palipatikana hapo jiwe lenye mifupa ya wanyama wawili walioshikana, na mwezi Julai 2023 Gang Han, Jordan Mallon na wenzao wakalieleza katika jarida la Scientific Reports.

Inafaa kulitazama polepole. Chini yupo Psittacosaurus, safari hii si kifaranga: urefu wake ni karibu sentimita 120. Amelala kifudifudi, miguu ya nyuma imekunjika chini yake. Juu yake yupo Repenomamus robustus mwenye urefu wa sentimita 47 hivi. Mkono wake wa kushoto umelishika taya la chini la dinosaria. Mguu wake wa nyuma umekamata mguu wa dinosaria na kunaswa kwenye kunjo lake. Na kinywa kimefumba juu ya mbavu mbili, meno yakiwa yamezama. Dinosaria alikuwa na uzito unaokaribia mara tatu ya ule wa mshambuliaji wake.

Watafiti walisoma mkao huo kama mahakama inavyosoma vielelezo. Mnyama anayekula mzoga huacha alama za meno kwenye mifupa mingi, ila mifupa ya dinosaria huyu haikuwa nazo. Kama wote wawili walikuwa maiti zilizosukumwa na matope, ingekuwa ajabu miili yao ifungamane namna ile, mkono tayani na meno mbavuni. Na mla mzoga ana sababu gani ya kumpanda aliyekwisha kufa na kumshika kidevu? Hitimisho lao ni kwamba shambulio lilikuwa bado linaendelea, matope yakawafunika wote wawili. Nami nalikubali, ingawa ushahidi wa mkao hauwezi kuwa mzito kama wa tumbo.

Msomaji mwangalifu atauliza: tutajuaje kwamba jiwe lenyewe halikuchongwa? Swali zuri, maana Liaoning ina historia hiyo. Mwaka 1999 jarida la National Geographic lilimtangaza kiumbe aliyepewa jina la Archaeoraptor, nusu ndege nusu dinosaria, kisha ikabainika kuwa ni vipande vya wanyama tofauti kutoka jimbo hilohilo vilivyogundishwa pamoja. Kwa kulijua hilo, watafiti wa jiwe la Lujiatun walichimbua zaidi upande wa taya la mamalia, mahali palipokuwa bado pamefunikwa na mwamba, wakakuta meno yameng'ata mbavu ndani kwa ndani. Gundi haifiki huko.

Tusimfanye Repenomamus kuwa babu wa simba au wa nyegere. Alikuwa wa kundi la yutrikonodonta, mamalia wenye magego ya vilele vitatu vilivyopangwa kwa mstari mmoja, na kundi hilo lote lilitoweka bila kuacha mzao. Hata sikio lake lilikuwa bado la njia panda. Vifupa vidogo vinavyotuwezesha kusikia vilikuwa zamani sehemu ya taya la mababu wa mamalia. Kwetu vimeachana na taya kabisa, lakini yeye alikuwa bado na kijiti cha mfupa kilichoendelea kuviunganisha na taya. Kwa mtaalamu wa anatomia, huo ni uhondo usiopungua wa yale mapigano.

Wala hakuwa pekee katika ulaji wa nyama. Castorocauda wa China, mzee kuliko yeye kwa karibu miaka milioni 40, aliogelea akila samaki. Didelphodon wa Amerika ya Kaskazini, aliyeishi mwishoni kabisa mwa enzi za dinosaria, alikuwa na nguvu ya kung'ata iliyo kubwa mno kwa mnyama wa kilo chache.

Na kwetu Afrika Mashariki? Kati ya 1909 na 1913, wabebaji walitembea siku kadhaa kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandari ya Lindi wakiwa na mifupa ya dinosaria kichwani, mali iliyochimbwa chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani kwa ajili ya jumba la makumbusho la Berlin. Wageni wa jumba hilo hadi leo huinua shingo kumtazama Giraffatitan. Lakini mwaka 1998 Wolf-Dieter Heinrich alieleza jino lililopatikana katika mwamba uliosafiri pamoja na mifupa hiyo, jino dogo kuliko punje ya mchele, akampa mnyama mwenye jino hilo jina la Tendagurodon. Ni wa miaka milioni 150 hivi, na anawekwa katika kundi lilelile la yutrikonodonta. Yule aliyembeba mpaka Lindi alidhani amebeba dinosaria peke yake.