Mama, Mti na Kifua cha Mtoto



Juma moja la mvua nyingi, mama mmoja alituletea mtoto wa miezi minane aliyekuwa akipumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani kila avutapo hewa. Ilikuwa nimonia. Tulimtibu, na kwa neema ya Mungu akapona. Siku ya kuwaruhusu nilimwonya mama yule, kama tulivyofundishwa chuoni, asimbebe tena mtoto jikoni penye moshi. Akaniuliza kwa upole, "Sista, nimwache na nani?" Kisha akaniambia kuwa kuni kavu zilikwisha kijijini kwao. Sasa hukata vijiti vibichi, na kuni mbichi ndizo zenye moshi mkali.

Sikuwa na jibu. Miaka yote hiyo ya uuguzi nimegawa dawa za kifua, wala sijawahi kumwuliza mama hata mmoja kuni zake zatoka wapi. Na jambo hili si dogo: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano.

Wasomi wana neno lao, ekofeminisimu, lililoanzishwa na mwandishi Mfaransa, Françoise d'Eaubonne, mwaka 1974. Usiogope ukubwa wake. Lasema kwamba ardhi ikiumizwa, mwanamke naye huumizwa. Msitu ukiisha, ni mgongo wa mama unaobeba kuni kutoka mbali. Sikubaliani na yote wayasemayo (wengine huiabudu dunia yenyewe, nasi twamwabudu Muumba), lakini habari ya mgongo nimeiona kwa macho yangu.

Aliyelielewa vizuri ni jirani yetu wa Kenya, marehemu Wangari Maathai. Katika miaka ya 1970 aliwasikia akina mama wa vijijini wakilalamika kwamba hawana kuni, maji safi wala chakula cha kutosha. Akaona malalamiko yote yana mzizi mmoja, na mwaka 1977 akaanza kazi ya kupanda miti iliyoitwa Green Belt Movement. Mabwana misitu walidai kazi hiyo yahitaji wataalamu. Akina mama wakaokota mbegu mashambani mwao, wakaziotesha hata katika vyungu vilivyovunjika, nazo zikaota! Yeye akawaita mabwana misitu wasio na diploma. Mimi mwenye diploma yangu nilicheka niliposoma hayo, kisha nikaona haya kidogo. Kufikia mwaka 2004, alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, walikuwa wamepanda miti ipatayo milioni 30. Alipofariki mwaka 2011 jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Nami sina budi kukiri. Katika uwanja wa kanisa letu palikuwa na mkuyu mkubwa. Kamati ilipotaka nafasi ya kuweka mahema ya harusi, nilinyoosha mkono kukubali ukatwe. Bibi mmoja ndiye aliyeniuliza, majuma kadhaa baadaye, ndege wamekwenda wapi. Nilikuwa nikipita pale kila Jumapili, mawazo yangu yako kwenye ratiba na sufuria za chai, hata sikugundua kwamba hawaimbi tena.

Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi wake wawatazame ndege na maua. Kutazama kwenyewe ni agizo, nami nilikuwa nimelisahau. Siku hizi naamka mapema kidogo, nakaa nje dakika kumi bila redio wala simu, nasikiliza na kuomba. Mwanzoni niliona napoteza wakati, maana nguo zinanisubiri. Lakini ni katika dakika hizo nilipoona mchwa wameanza kula nguzo ya jiko, na kwamba kuni zetu tunaziacha zinyeshewe. Tumezijengea kibanda. Kuni zilizopasuliwa na kukauka vizuri hazina moshi mwingi, na sufuria iliyofunikwa yapunguza kuni.

Chama chetu cha akina mama nacho kimeanza kitalu nyuma ya kanisa. Tulichagua kaliandra, kwa kuwa ukiukata huchipua tena, na majani yake ni chakula cha mbuzi. Tunalowesha mbegu, tunaotesha katika pakiti tupu za maziwa zilizotobolewa chini, chini ya kivuli cha makuti.

Mama wa yule mtoto alikuja Jumamosi iliyopita, akachukua miche sita. Aliniuliza itafaa kuni lini. Nikamwambia asubiri mwaka mmoja au miwili. Akacheka, akasema mtoto atakuwa ameanza kutembea, na huenda akamsaidia kuwafukuza mbuzi wa jirani.