NYUMBA ILIYOWEKWA REHANI: HAKI NA WAJIBU WA MKOPAJI KABLA YA MNADA

Wakazi wa Liuli na vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, pamoja na watumishi wa umma waliojenga huko, wanakumbushwa kwamba nyumba iliyowekwa rehani haipotei siku ile mkopaji anapochelewa kulipa. Kati ya kuchelewa na mnada, sheria za Tanzania Bara zimeweka muda na hatua. Muda huo humfaa anayeutumia. Anayekaa kimya humpita.

CHIMBUKO LA UTARATIBU

Baada ya Benki ya Nyumba Tanzania kufungwa mwaka 1995, mikopo ya nyumba ilikuwa adimu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, iliweka masharti mapya ya rehani, nayo ikarekebishwa mwaka 2004 na tena mwaka 2008 ili benki zipate imani ya kukopesha. Kwa upande wa vijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 iliipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa mijini. Hivyo mkulima au mvuvi mwenye hati ya kimila anaweza kukopa kwa dhamana ya nyumba yake, na kwa sababu hiyohiyo anaweza kuipoteza.

REHANI SI MAUZO

Kwa mujibu wa sheria, rehani ni dhamana tu, haihamishi umiliki. Mkopeshaji anayemtaka mkopaji asaini hati ya mauziano siku ya kuchukua fedha anakwenda kinyume cha maana hiyo, na mwananchi asikubali kutia saini karatasi ya namna hiyo. Aidha, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mtu anayefanya biashara ya kukopesha bila leseni anatenda kosa.

Endapo nyumba ni makazi ya familia, rehani inahitaji ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Sharti hilo limo katika Sheria ya Ardhi na pia katika Sheria ya Ndoa ya 1971. Mwenzi ambaye hakuridhia ana haki ya kufungua shauri.

NOTISI YA SIKU 60

Mkopaji anaposhindwa kulipa, mkopeshaji hana budi kumpelekea notisi ya maandishi inayoeleza kosa lenyewe na kiasi kinachodaiwa. Siku 60 tangu notisi kupokelewa zikipita bila kosa kurekebishwa, deni lote laweza kudaiwa kwa mkupuo na nyumba yaweza kuuzwa. Kwa hiyo tarehe ya kupokea iandikwe juu ya notisi yenyewe, na nakala itunzwe.

Mnada nao una masharti yake. Sheria ya Madalali inataka tangazo la siku zisizopungua 14, litolewe katika mji mkuu wa wilaya na mahali mnada utakapofanyika, tena kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Muuzaji anawajibika kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana. Bei ikiwa chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Baada ya gharama na madeni kulipwa, fedha inayobaki ni ya mwenye nyumba.

HATUA ZA KUCHUKUA

Kwanza, mkopaji aende kwa mkopeshaji mapema, ikiwezekana kabla ya notisi, aombe kwa maandishi ratiba mpya ya marejesho. Mapato ya mwambao hayaji kwa mwezi. Usipa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi hupunguza mavuno. Kahawa ya milima ya Mbinga huleta fedha kwa msimu. Marejesho yanayofuata majira hayo hulipika kuliko yale ya kila tarehe moja. Makubaliano yoyote yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili.

Pili, mkopaji adai taarifa ya mkopo inayoonyesha deni la msingi, riba na adhabu, ailinganishe na stakabadhi zake.

Tatu, endapo deni halibebeki, mwenye nyumba aombe idhini ya mkopeshaji ili atafute mnunuzi mwenyewe kabla ya mnada. Kuuza sehemu ya shamba au chombo cha uvuvi kwa hiari mara nyingi kuna nafuu kuliko nyumba kuuzwa kwa nyundo ya dalali.

Nne, palipo na ukiukwaji wa utaratibu, malalamiko kuhusu benki yapelekwe Benki Kuu ya Tanzania baada ya benki yenyewe kushindwa kuyatatua. Yale ya SACCOS yafikishwe kwa Afisa Ushirika wa wilaya. Shauri la ardhi laweza kufunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako pia zuio la mnada huombwa. Ieleweke kuwa zuio husimamisha mauzo, halifuti deni. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aonane na msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Watumishi wa umma wanakumbushwa kwamba makato ya mshahara hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara wa msingi. Aliyekwisha kufikia kiwango hicho asiongeze mkopo mwingine kwa dhamana ya nyumba.

Watendaji wa vijiji na kata wanaombwa kuyasoma maelezo haya katika mikutano ya hadhara, na kumsomea notisi yake kila mwananchi atakayefika nayo ofisini, kwani siku 60 huanza kuhesabiwa hata kwa asiyejua kusoma.