Elimu ya Viungo na Michezo Shuleni: Chimbuko na Umuhimu Wake

Utangulizi

Katika shule nyingi, kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kuazimwa pale mwalimu wa somo jingine anapokuwa hajamaliza mada yake. Kikishaazimwa, mara nyingi hakirudishwi. Wanafunzi wa kidato cha nne ndio hupoteza zaidi, kwa sababu mtihani unakaribia na kukimbia uwanjani huonekana kuwa ni kupoteza muda. Je, ni kweli? Ili kujibu swali hilo, ni lazima tujue somo hili lilitoka wapi, liliingizwa shuleni kwa sababu gani, na linamfaa nani.

Maana

Elimu ya viungo na michezo ni somo linalomfundisha mwanafunzi kuujua mwili wake, kuutunza na kuutumia kwa ustadi. Watahiniwa wengi hulichanganya somo hili na mashindano ya michezo. Mashindano humtafuta mshindi, kwa hiyo huchagua wenye vipaji na kuwaacha wengine pembeni. Elimu ya viungo ni ya kila mwanafunzi: mwepesi na mzito, msichana na mvulana, mwenye ulemavu na asiye na ulemavu.

Chimbuko na maendeleo duniani

Katika Ugiriki ya kale, mazoezi ya mwili yalikuwa sehemu ya malezi. Huko Sparta, wavulana walichukuliwa kutoka kwa wazazi wakiwa na umri wa miaka 7 ili waandaliwe kuwa askari. Huko Athens, lengo lilikuwa pana zaidi: mwili na akili vikue pamoja. Mwanafalsafa Plato aliyaweka mazoezi ya viungo sambamba na muziki katika elimu ya vijana.

Somo hili kama tunavyolijua leo lilianzia Ulaya mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1774, Johann Bernhard Basedow alifungua shule mjini Dessau, Ujerumani, ambamo mazoezi ya viungo yaliingizwa katika masomo. Mwaka 1793, mwalimu GutsMuths alichapisha kitabu cha mazoezi ya viungo kwa vijana, kilichosomwa katika nchi nyingi.

Vita viliongeza kasi. Baada ya Prussia kushindwa na majeshi ya Napoleon mwaka 1806, Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi mjini Berlin mwaka 1811, akitaka vijana wawe imara kuitetea nchi yao. Sweden nayo iliipoteza Finland mwaka 1809. Miaka minne baadaye, Per Henrik Ling alianzisha chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm. Denmark iliyaingiza mazoezi hayo katika sheria ya elimu ya mwaka 1814.

Uingereza ilifuata njia mbili. Shule za watoto wa matajiri zilisisitiza michezo ya timu, kama kandanda na kriketi, zikiamini kuwa hujenga tabia ya uongozi. Watoto wa maskini walipewa kwata na mazoezi ya kunyoosha viungo. Wakati wa Vita vya Makaburu (1899–1902), vijana wengi waliojitolea kuingia jeshini walikataliwa kwa sababu ya afya duni. Serikali ilishtuka, na kamati iliyotoa taarifa mwaka 1904 ilihimiza afya na mazoezi shuleni.

Huko Marekani, mwaka 1891, mwalimu James Naismith alihitaji mchezo wa kuchezwa ndani wakati wa baridi kali. Akatundika vikapu viwili vya matunda ukutani, na mpira wa kikapu ukazaliwa. Mchezo unaopendwa leo duniani kote ulianzia katika kipindi cha darasani.

Hali katika Tanzania

Kabla ya ukoloni, jamii zetu hazikuwa na kipindi cha michezo, lakini zilikuwa na elimu ya viungo. Ngoma, mieleka, kulenga shabaha, kuogelea na kupiga kasia viliwaandaa vijana kwa kazi za maisha. Shule za wamisionari na za serikali ya kikoloni zilileta kandanda, riadha na kwata. Kwata ilifundisha utii. Ngoma za asili mara nyingi zilidharauliwa.

Baada ya uhuru, michezo ilipewa sura ya kitaifa. Mwaka 1967 lilianzishwa Baraza la Michezo la Taifa, na mwaka huohuo sera ya Elimu ya Kujitegemea ilitaka shule ziandae vijana kwa maisha ya jamii yao. Waliosoma miaka ya 1970 na 1980 wanaukumbuka mchakamchaka wa alfajiri. Mwaka 1974, Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch kwa muda wa dakika 3, sekunde 32.2, na jina la Tanzania likavuma duniani.

Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yamekuwa ngazi ya kuibua vipaji. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalisimamishwa, kisha yakarejeshwa baadaye. Tukio hilo linatufundisha kuwa michezo shuleni si jambo la kudumu lenyewe. Hudumu pale wenye maamuzi wanapoona thamani yake.

Umuhimu wa somo hili

(a) Afya. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Takwimu zake za mwaka 2016 zilionyesha kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango cha kutosha. Kutofanya mazoezi huchangia kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo ukubwani.

(b) Akili. Mazoezi huongeza mtiririko wa damu kwenye ubongo, hupunguza msongo wa mawazo na huleta usingizi mzuri. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa kutenga muda wa mazoezi hakushushi ufaulu wa masomo mengine. Kwa hiyo, kipindi kilichoazimwa si lazima kilete alama zaidi.

(c) Tabia. Uwanjani mwanafunzi hujifunza kutii kanuni, kushindwa bila chuki na kushinda bila majivuno. Haya hayafundishiki kwa kunakili ubaoni.

(d) Usawa. Msichana anayecheza mpira wa pete au wa miguu hujiamini. Mwenye ulemavu anayeshirikishwa huonekana kwa uwezo wake. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1978 unaitambua elimu ya viungo na michezo kuwa ni haki ya kila mtu.

(e) Ajira. Somo hili hufungua njia ya ualimu, ukocha, uamuzi na tiba ya viungo. Chuo cha michezo cha Malya, mkoani Mwanza, huandaa wataalamu wa aina hiyo.

Changamoto

Shule nyingi zina viwanja vibovu au vilivyovamiwa na majengo, vifaa vichache na walimu wasiosomea somo hili. Lakini kubwa zaidi ni mtazamo kwamba kisichotahiniwa hakina maana.

Hitimisho

Ukiitazama historia hii, utaona kuwa kila zama zilikuwa na sababu yake: Sparta ilitaka askari, mkoloni alitaka watu watiifu, taifa changa lilitaka heshima. Leo sababu kuu ni mwanafunzi mwenyewe. Unapojibu swali la mada hii, usiorodheshe faida tu. Eleza ni nani aliyefaidika na kwa nini.

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha elimu ya viungo na mashindano ya michezo.
2. Eleza jinsi vita vilivyochangia kukua kwa elimu ya viungo barani Ulaya.
3. "Kipindi cha michezo ni kupoteza muda kwa mwanafunzi wa kidato cha nne." Jadili.